Ukurasa wa Kanisa na Sahani ya Mayu Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda kugomba. Hakuna aliyeniajiri. Niliingia ofisi ya Mchungaji hapa Bariadi mjini, mwanangu Limi yuko mgongoni analia, nikamwekea simu mezani. Ilikuwa picha yangu kwenye ukurasa wa kanisa mtandaoni: nimeshika mche wa sabuni na sukari, macho nusu yamefumba kama mgonjwa, na juu yake maneno, "Kanisa lawakumbuka wasiojiweza." Mama mkwe wangu wa Nkololo aliiona kabla sijaifikisha ile sukari nyumbani.

"Mchungaji, nani aliniuliza?"

Katibu wa kanisa ndiye aliyekuwa akiuendesha ukurasa, akadakia. "Mama Limi, ni kwa utukufu wa Mungu."

"Basi weka ya kwako, Katibu, siku umeishiwa unga."

Mchungaji alicheka, halafu akaacha kucheka. "Maneno unayo, na kidato cha nne umemaliza," akaniambia. "Ushike wewe huo ukurasa." Nikadhani ananikomoa. Nikaushika.

Nyie mnaoianza kazi hii sasa hamjui tulikoanzia. Katibu alikuwa ameugeuza ukurasa ubao wa matangazo: ibada saa ngapi, mchango wa nini, mahubiri laivu, yaani yanarushwa huku yanaendelea. Mtu akiandika chini yake, "Niombeeni, mtoto anaumwa," kimya. Watu wanabisha hodi, sisi tumejifungia ndani tunaimba. Nilipozisoma komenti za nyuma, hayo maneno ambayo watu huandika chini ya picha, nilikasirika upya. Nikaanza kujibu. Limi ananyonya, mimi najibu kwa mkono mmoja: anaendeleaje, mko mtaa gani? Jioni naenda. Kusema kweli niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea. Mtu unayemjua kwa jina la kwenye simu tu, unafika kwake anakutolea kigoda, anasema kumbe wewe ndiye, mbona mdogo hivi. Narudi nyumbani nachekacheka peke yangu njiani.

Picha zote za misaada nilizifuta siku ileile. Lakini kufuta picha hakumrudishi mtu. Pembeni yangu kwenye ile picha alikuwepo Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma chetu. Ni mjane wa Sapiwi, mkulima wa pamba na viazi, hajawahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Mwaka ule wadudu walimaliza pamba yake, akakubali kupokea blanketi. Wanawe walioko Mwanza wakaiona picha, wakampigia: "Mama, kwani sisi tumekufa?" Tangu hapo hakukanyaga kanisani.

Nilikwenda Sapiwi asubuhi. Nikapiga goti, "Mwangaluka, mayu." Akaitika, akanipa maji. Nikamwambia picha imefutwa.

"Na kwenye macho ya watu mmeifuta?" akaniuliza. "Mmenivua nguo mbele za watu, leo unaniletea habari kwamba nguo imepatikana."

Nilimwomba kitu kimoja tu, nimwingize kwenye kundi la waumini, lile ambalo watu hutumiana sauti kwa simu. Simu alikuwa nayo, wanawe walimnunulia. Akasema ataingia kusikiliza, na asihubiriwe.

Tatizo, kundi lenyewe Katibu alikuwa amelifunga, wanaongea viongozi tu. Nikalifungua.

"Litajaa salamu," alilalamika. "Mwangaluka, mwangaluka mpaka mchana."

"Ndiyo kazi yenyewe, Katibu. Ulitaka wajuane kwa matangazo?"

Likajaa salamu kweli. Asubuhi moja, katikati ya salamu hizo, muuguzi mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, anaitwa Neema, akauliza. Amenunua michembe sokoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, kavikaanga vimekuwa mkaa. Afanyeje? Kundi zima likacheka. Kisha ikaingia sauti ambayo sikuitegemea.

"We mtoto wa Tanga, nani kakufundisha kukaanga michembe? Loweka. Chemsha taratibu. Karanga utwange mwenyewe. Ukishindwa njoo, mimi siwezi kupikia kwenye simu."

Mayu Kabula huyo. Nilirukaruka jikoni mpaka Limi akaanza kucheka.

Neema alikwenda siku yake ya mapumziko. Baadaye akawachukua wenzake wa kwaya. Mtu akiugua kule Sapiwi, Mayu anamwita Neema. Neema akikumbuka kwao, anakwenda kwa Mayu. Mimi sikuposti chochote. Hilo ndilo la kuwaachia: mtandao si wa kuonyesha kwamba mnapendana. Ni wa kumtafuta mtu, ukishampata weka simu chini uende. Lakini kanisani Mayu alikuwa bado hajarudi.

Sasa mume wangu amehamishiwa Meatu, nami nakabidhi simu ya kanisa pamoja na nywila, lile neno la siri la kuufungulia ukurasa. Ndiyo kustaafu kwangu, na nywele zote bado nyeusi. Mayu Kabula aliposikia akaniita nikale kwake, nije na Mchungaji na Katibu. "Na hiyo simu yenu uje nayo," akasema.

Tukaketi uani. Akampakulia Mchungaji, akampakulia Katibu, michembe imejaa, karanga zinachuruzika ukingoni mwa sahani. Wote wawili wamenyoosha mikono kupokea.

"Mama Limi, piga picha sasa," akasema. "Waulize kwanza."

Nikawauliza. Mchungaji alikubali huku anacheka. Katibu aliitazama sahani, akamtazama yule mama. "Nisamehe, mayu," akasema. "Ipigwe."

"Niandike nini juu yake?" nikamuuliza Mayu.

Akaniambia, nami nikaandika neno kwa neno, ndiyo posti yangu ya mwisho: "Mayu Kabula wa Sapiwi awakumbuka wasiojiweza."

Jumapili alikuja kanisani. Alikaa benchi la mbele, anageuka kila mara kuwauliza walio nyuma yake kama wameiona.