Maji ya Dada Mwaija

Dada yangu Mwaija alipoitwa kwenda Korogwe kusomea ualimu, watu wa kijiji walikuja nyumbani kumpongeza. Kila aliyeingia aliutazama mguu kwanza, kisha uso. Mguu wake wa kushoto ulikauka kwa homa ya utotoni na goti halikunjiki. Anatembea kwa gongo, tena anatembea haraka, maana hapendi kungojwa.

"Hongera, ndugu," mwenyekiti wa kijiji alimwambia. "Lakini vyuo vya siku hizi ni kitabu na jembe. Jembe utaliweza?"

"Mwenyekiti, kule shamba la kijiji mstari wangu unapakana na wako," dada akamjibu. "Sema mwenyewe, huwa nani anamngoja mwenzake?"

Watu wakacheka, na mwenyekiti akacheka kuwashinda wote ili asionekane ameumia.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mtungi. Sina maneno mengi. Shule niliiacha darasa la pili, mama alipougua na mtu wa kuteka maji akakosekana. Kuandika huku nilifundishwa na dada mwenyewe kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa mtoto pekee kati ya wazee. Basi siku ile, wenzangu walipokuwa wakicheka, mimi nilikuwa natazama kikombe cha dada. Alikipokea kimejaa, akakigusisha mdomoni, akakiweka chini kikiwa kimejaa vilevile.

Kesho yake nikaona chai imebaki. Siku nyingine alitoka shambani jua likiwa kali, akasukutua maji, akayatema yote. Ndipo nikaelewa. Dada alikuwa anajizoeza kiu.

Kiu ile nilishaiona. Tulipohamishwa kutoka shamba letu la zamani kuja kwenye kijiji cha ujamaa hapa Kang'ata, tulibeba kila kilichobebeka, hata milango. Lakini choo hakibebwi. Kule zamani baba alikuwa amechimbia mti mgumu chooni, mbele ya tundu, dada akawa anaushika kujishusha na kujiinua. Hapa tulionyeshwa choo cha kushirikiana na majirani, na ndani yake hapakuwa na mti wowote. Dada hakusema. Aliacha kunywa maji, akawa anadonoa chakula kama kuku mgonjwa, mpaka siku moja akaanguka njiani midomo ikiwa imepasuka. Baba alipojua sababu alichimba choo chetu wenyewe, na mti akausimamisha hata kabla ya kuezeka. Tangu hapo hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mambo ya chooni hayasemwi, sembuse ya msichana mkubwa.

Sasa Korogwe nani angemwekea mti? Angekaa na kiu yake, angeanguka mbali na sisi, na watu wangesema ni mguu uliomshinda. Wangemrudisha nyumbani, na ualimu ungeishia hapo.

Nilimfuata baba akinoa panga.

"Baba, huko chuoni kuna mti?"

"Mti gani?"

Nilitazama tu upande wa choo. Baba akanoa kidogo, kisha mkono ukasimama.

"Lahaula," akasema. "Na mti hausafiri."

Jioni ile alinichukua tukaenda kwa fundi Semboja, anayetengeneza vitanda vya kamba na mbuzi za kukunia nazi. Baba alizunguka sana. Aliulizia mahindi, akaulizia mvua, akaulizia mpaka jino la mke wa fundi. Mwisho akatoa shida yake: anataka kiti kinachokunjika kama mbuzi ya nazi, ila kiwe kirefu zaidi, kisiwe na chuma, na pale pa kukalia pawe na uwazi.

"Uwazi?" Semboja akashangaa. "Mzee Athuman, watu huniletea viti vilivyotoboka nivizibe. Wewe unataka kiti chenye dirisha?"

"Ni cha Mwaija. Anakwenda Korogwe."

Semboja akaacha kucheka. Akavuta ubao wa mninga, akaupima kwa shubiri. "Kingo zake nitazisugua mpaka ziwe laini kama shavu la mtoto," akasema. "Kikimkwaruza, niamsheni hata kama nimelala."

Kiti kilipoletwa, dada alikasirika mpaka sauti ikamkauka. "Wenzangu wanakwenda chuo na masanduku, mimi niende na choo! Ndivyo mnavyotaka?"

"Kikikunjwa ni mbuzi ya nazi tu," mama akasema. "Nani atajua?"

Dada akakiegemeza ukutani na hakukitazama tena. Lakini magharibi nikaona ukuta mtupu. Baadaye akatoka uani, kiti kimekunjwa chini ya kanga, macho chini. Tulipokuwa tunakula akasema, "Mama, niongeze mchuzi." Baba akamtazama mama, mama akamwongezea, tukaendelea kula.

Siku ya safari baba alikuwa na zamu shamba la kijiji, hivyo nilimsindikiza mimi, sanduku la bati kichwani na kibuyu cha maji begani. Pale Chanika, makao ya wilaya yetu, tukisubiri basi nilimpa maji. Akakataa. Njia nzima akakataa. Kiti alikuwa nacho, lakini hakuwa na hakika nacho bado.

Chuoni tulipokewa na mlezi wa wasichana, Mama Grasiana, mwanamke mnene kutoka milimani, mwenye sauti ya kuitisha watu mashambani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akataka mizigo ifunguliwe. Sanduku, sawa. Ndoo, sawa. Jembe, sawa. Kisha akainua kiti.

"Haya, mbuzi ya nazi! Kila mwaka nasema kupika bwenini ni marufuku, na kila mwaka mnaniletea vyombo vya jikoni. Na chuma chake umekificha wapi? Hii inakwenda stoo. Utaichukua ukienda likizo."

"Mama, mwachie!" msichana mmoja kwenye foleni akapaza sauti. "Kaja kutupikia wali wa nazi huyo!"

Wakacheka. Nilimwona dada anavyomeza mate. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu, lakini akanigonga mguu kwa gongo lake, kidogo tu. Nikafunga mdomo.

"Si mbuzi, mama," akasema, na alisema kwa sauti waliyoisikia wote. "Ni kiti changu cha chooni. Goti langu halikunjiki. Bila hicho siwezi kukaa hapa."

Mama Grasiana akakikunjua, akaukagua ule uwazi, akapitisha kidole kwenye kingo.

"Nani katengeneza hiki?"

"Fundi Semboja, wa kwetu Kang'ata."

"Na mimi magoti yangu yananililia kila asubuhi, wala sikuwahi kuwaza kitu kama hiki!" Akawageukia wasichana. "Mnacheka nini nyie? Hamtazeeka? Haya, Ndugu Mwaija, twende tukakijaribu."

Choo cha mwisho ndicho kilichokuwa kipana. Kiti kikaenea, miguu yake huku na huku ya tundu, ila kwenye sementi kiliteleza. Dada alipoona kinateleza uso ukambadilika. Yule msichana wa wali wa nazi alikuwa ametufuata. Akachungulia, akakimbia, akarudi na kandambili zilizokatika. Akazipasua kwa wembe, tukazifunga kwenye miguu ya kiti kwa kamba ya mkonge. Hakikuteleza tena. Mama Grasiana mwenyewe akapigilia msumari nyuma ya mlango ili kiwe kinatundikwa hapo.

"Mimi naitwa Elina," yule msichana akamwambia dada. "Kitanda kilicho jirani na changu hakina mtu."

"Nikija, nazi utakuna wewe," dada akasema. Elina akacheka mpaka akashika ukuta.

Muda wangu wa kurudi ulikuwa umekaribia. Dada akaketi kwenye ngazi ya bweni, mguu ameunyoosha mbele, akafuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Swaumu, kile kibuyu kiko wapi?"

Nikampa. Akanywa. Maji yakamtiririka kidevuni, akapumua, akanywa tena, akakiinua mpaka nikakisikia kikilia kitupu.

"Yamekwisha," akasema, akitabasamu. "Kajaze, mdogo wangu, usije ukasikia kiu njiani."

Nikaenda bombani. Nilikijaza mpaka kikafurika, nikamletea yeye kwanza.