Mgombea wa Marekani na Shamba la Mama

Mwaka ule Mmormoni alipogombea urais wa Marekani, mimi nilikuwa nagombea robo ekari ya maharage kule Mgeta. Mama alikuwa amefariki. Kwetu Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Bila neno lake shamba lingekwenda kwa binti wa mama mdogo, ambaye alishaanza kulipalilia kabla hata ya arobaini.

Mimi nilikuwa nimebatizwa Mmormoni, katika kanisa la Kimarekani linaloongozwa na nabii, miaka mitatu nyuma, nikiishi mjini, Mwembesongo, na kushona nguo. Sisi pombe hatunywi, wala kahawa, wala chai ya majani. Ndugu zangu Wakatoliki walinicheka kwa hiyo chai kuliko kitu kingine chochote.

Mjomba alikuwa mtu wa misa kila Jumapili, na redio haikumtoka sikioni. Siku ya tambiko la kurithisha shamba alinikuta nimekaa kando ya kaburi la mama. Alipoitikia tu shikamoo yangu akaniuliza:

"Huyo mtu wenu wa Marekani, akipewa nchi atamsikiliza nani? Wananchi, au nabii wenu?"

Nilifurahi, mjinga mimi. Nilidhani tunazungumza siasa. "Mjomba, hata Mkatoliki wa kwanza kukalia kile kiti aliulizwa kama atapokea amri kwa Papa."

"Akajibu nini?"

"Kwamba hatapokea."

"Vizuri." Akainua kibuyu cha pombe. "Na wewe?"

Ndugu wa ukoo walikuwa wameshatuzunguka. Anayerithi shamba la ukoo hunywa funda moja pale kaburini, na inayobaki humwagiwa wazee waliotangulia. Asiyekunywa amejitoa mwenyewe. Nilijua hivyo tangu utoto, ila nilijidanganya kwamba mjomba, kwa jinsi alivyonipenda, angenipitisha hivihivi. Nilimchukia kabisa. Binti wa mama mdogo alishasogea mbele.

Nikapokea kibuyu, nikajaza funda, nikalishikilia mdomoni. Mpango wangu ulikuwa kwenda kulitema nyuma ya migomba wakishaanza kuimba.

Mjomba akanitazama mashavu.

"Haya, sema wazee wasikie. Shamba hili ni la nani?"

Pombe ilikuwa chachu, inanichoma ulimi. Nikaangalia udongo wa kaburi, bado mwekundu, na nikaona kwamba kutema pale ni kumtemea mama.

Nikameza.

"La mama," nikasema.

"Basi ni lako," akajibu, bila furaha yoyote, akamwaga iliyobaki.

Jumapili iliyofuata kanisani, sinia la mkate wa sakramenti liliponifikia, nilimpitishia jirani bila kuchukua kipande, maana kwetu aliyekunywa pombe hastahili kuula. Aliniangalia mara moja tu, halafu akageuza uso. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na bado sikutamani kulirudisha lile shamba. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Wiki chache baadaye redio ikatangaza kwamba yule mgombea ameshindwa. Wenzangu kanisani walisikitika, wakasema angetuheshimisha. Mimi nilimwonea wivu. Alikuwa amerudi nyumbani kwake bila kulazimika kuonyesha mbele ya watu angemsikiliza nani.