Kilio cha Kapenda

Kitabu kipya kina harufu ya gundi na wino ambayo haidumu. Ukikifungua mara tatu nne imekwisha, na hapa Kolwezi vumbi la barabara huimaliza upesi zaidi. Ndiyo sababu sanduku la vitabu linapofika kwenye chumba chetu cha kusomea, nalifungua mwenyewe, peke yangu, mlango umefungwa. Kila mtu ana tamaa yake.

Kazi yangu ni kuchagua riwaya mpya zilizotungwa juu ya mambo ya zamani na kuwabandikia wasomaji karatasi ukutani: soma hiki kwa sababu hii, kile kwa sababu ile. Safari hii nimewachagulia mbili. Moja ni ya mwanamke wa Musumba aliyepika katika boma la mfalme wa Walunda na kusikia siri zote kupitia ukuta wa jikoni. Nyingine ni ya wayeyushaji shaba wa kale. Hii inakwenda polepole mwanzoni, lakini vumilieni hadi sura ya nne. Vijana wanaotoka machimboni, suruali zao bado zina udongo, husimama mbele ya karatasi ile na kuniuliza swali lilelile: "Mama, hii ni kweli ao ni ya kutunga?" Huwa nawaambia someni kwanza. Nyinyi nitawaambia kwa nini sina jibu fupi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tuliishi watatu: Mama, mimi, na Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Kambo alikuwa mzaa mama, mtu wa Mutshatsha, mji wa reli ulio magharibi mwetu, na hakujua kusoma wala kusema Kifaransa. Mimi nilijua vyote viwili na sikuacha mtu asahau. Kwa hiyo nilipoazima riwaya kwenye kabati la vitabu la parokia, Kambo aliamua kwamba kila siku baada ya shule nitamsomea barazani, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, naye akichambua maharagwe.

Ilikuwa habari ya mtu aitwaye Kapenda, aliyechukuliwa kijijini kujenga reli enzi za Wabelgiji, akamwacha mke na mtoto mchanga. Kambo hakuwa msikilizaji wa kukaa kimya. Mwandishi aliposema wanaume walibeba mbao za reli, zile tunazoziita traverse, huku wakiimba, aliniinulia kidole.

"Ule mwenye kuandika hakubebaka hata traverse moja," alisema. "Traverse moja ilikuwa bantu bane. Nani anaimba na kitu ile ku bega? Endelea, mama."

Aliniita mama akiwa amefurahi. Nami niliendelea, nikaanza kumsahihisha mwandishi kimyakimya kwa maneno ya Kambo, mpaka kile kitabu kikawa chetu sote watatu: mwandishi, Kambo na mimi. Wiki mbili za kwanza nilipenda sana. Wiki ya tatu wasichana wa mtaani kwetu walianza mashindano ya nzango, mchezo wetu wa kuruka, kupiga makofi na kurusha mguu, na mimi nilikuwa na mguu mwepesi kuliko wote. Msinicheke, ni kweli. Nikisoma nilisikia makofi yao upande wa pili wa ua, na Kapenda alikuwa bado anatembea kando ya reli yake, ukurasa baada ya ukurasa, hafiki.

Alasiri moja niliona sitavumilia. Kapenda alikuwa ameshikwa na homa kidogo tu, homa ya kupona. Nikaitazama ile sentensi, nikamuua.

"Akakata roho," nilisoma, na kitabu nikakifunga.

Mikono ya Kambo ilisimama ndani ya maharagwe.

"Alikufa?"

"Ndiyo, Kambo. Imeisha."

"Balimuzika wapi?"

Hilo sikulitarajia. Nikasema jina la kwanza lililonijia. "Mu Mutshatsha. Karibu na reli."

"Nani alimuzika?"

"Barafiki yake ba kazi."

"Balimuwekea musalaba?"

"Ndiyo. Ya mbao."

Aliniuliza tena mahali penyewe, nikamwambia tena. Kisha akasema niende kucheza. Nilikimbia, na siku hiyo nilishinda raundi zote.

Niliporudi nilimkuta Kambo ameketi chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, hana viatu, kitambaa cha kichwa amekivua na nywele amezifumua. Analia. Wala hakuwa analia kama mtu aliyeumizwa na hadithi. Alilia kilio cha msiba, kile cha sauti kubwa kinachoita majirani, na Mama Jeanne wa nyumba ya jirani alikuwa ameshaingia na kuketi kando yake bila kuuliza ni nani aliyekufa. Huku kwetu unaketi kwanza, unauliza baadaye.

Mama alifika kutoka sokoni akaniuliza mlangoni kuna nini. Nikamwambia Kapenda amekufa. Kapenda nani? Wa kitabuni. Nilimwona Mama anavyokasirika, kuanzia shingoni kwenda juu.

"Mama," alimwambia Kambo, "unalilia muntu wa mu buku? Bantu batasema nini?"

Kambo aliendelea kumwita marehemu, na mimi, mwanafunzi hodari, nikasikia kosa. Alikuwa anataja jina lisilo lake.

"Muteba! Muteba wangu! Balikulalisha pembeni ya reli, hata sikukufunga macho!"

Nilimshika bega. "Kambo, haiko Muteba," nilimnong'oneza. "Ni Kapenda."

Mama alinivuta mkono kwa nguvu, akanitoa nje. Nilijua nitapigwa. Badala yake alichukua panga, akakata matawi mawili mabichi kwenye mti wa nyuma ya nyumba na kwenda kuyaweka barabarani, kama tunavyofanya ili wapita njia wajue nyumba hii ina kilio. Aliporudi alivua viatu vyake, akaingia, akaketi karibu na mama yake. Naye akalia.

Muteba lilikuwa jina la babu yangu. Nililijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Aliondoka na kikosi cha kutengeneza reli kuelekea mpakani Mama akiwa bado ananyonya, na hakurudi. Haikuja barua wala mtu wa kuleta habari. Ukoo wake ulisema yuko safarini, na aliye safarini haliliwi. Kwa hiyo Kambo hakuwahi kukaa kilio, hakunyolewa, hakuruhusiwa kuolewa tena. Kwa miaka yote ile hakuwa mke wala mjane. Hayo yote niliyasikia siku zile tatu, nikipita katikati ya mikeka na ndoo ya maji ya kunywa, na kila nilichosikia kilizidi kuniogopesha. Mazishi yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyatunga kwa ajili ya nzango.

Mzee mmoja wa ukoo wa Muteba aliyeishi mtaa wa pili alikuja akaketi na wanaume. Aliuliza tu marehemu amelala wapi. Wakamwambia Mutshatsha, karibu na reli, ana msalaba wa mbao. Akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia yote, nikakimbilia uani.

Siku ya tatu wanawake walimnyoa Kambo. Kichwa chake kilikuwa kidogo, kama cha mtoto. Walipokwenda kuosha vyungu tukabaki wawili, na sikuweza kunyamaza tena.

"Kambo, Kapenda hakukufa. Mi njo nilisema uongo. Nilitaka kwenda kucheza."

Nilitaka anichape na mambo yaishe. Alijipapasa upara wake mpya, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mi sijue kusoma," alisema, "lakini niko na macho. Ulifunga ile buku, makaratasi ilibakia mingi kama kidole."

"Sasa ju ya nini ulilia?"

"Umuache alale, mama. Alichoka na kutembea."

Hakunituma tena kusoma. Kurasa zilizobaki hakuziulizia, nami nilikirudisha kitabu parokiani mbio, nikidhani amenisamehe kwa sababu ni mzee na ana huruma. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nilishukuru, nikarudi kucheza.

Nilikikuta tena nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye kabati lilelile. Nilisoma zile kurasa nimesimama. Kapenda anapona homa. Anavuka mpaka, anapata kazi ya bohari na mke mwingine, anazaa watoto wanne, anakufa mzee kitandani mwake bila kumtumia yule wa kwanza hata neno moja. Nilikaa sakafuni. Niliona aibu kwa ajili ya Kambo, halafu nikaona furaha mbaya kwamba nilikuwa mtoto mvivu. Nadhani hata mwisho ule aliujua. Mwanamke hawezi kungoja miaka mingi hivyo bila kuutunga mwenyewe mara nyingi, pamoja na yule mke mwingine na watoto wake. Alichokosa ni mtu wa kumletea mwisho ambao angeweza kuusema mbele ya watu, na mtu huyo akatokea akiwa na kitabu mkononi na haraka ya kucheza.

Ndipo nikaelewa pia Jumapili moja, wiki chache baada ya kilio. Padri aliwaita wajane mbele wapate baraka, kama kila mwaka. Kambo, ambaye kila mwaka alibaki kwenye benchi, alisimama akiniegemea bega, maana magoti yake yalikuwa mabovu, tukaingia mstarini. Mwanamke aliyekuwa mbele yetu aligeuka. Alimfahamu tangu zamani.

"Na we pia? Bwana yako alikufaka?"

"Alikufaka. Mu Mutshatsha."

"Nani alikuletea habari?"

Kambo aliweka mkono kichwani pangu.

"Mujukuu wangu. Huyu njo alinisomeaka."