Maua ya Mama Yasiyochanua

Juzi nilisimama Milimani, pale wauza miche wanapopanga vyungu vyao kando ya barabara, nikitafuta kitu cha kuweka kwenye veranda yangu. Muuzaji, mama mmoja mwenye leso kiunoni na maneno mengi, akaniuliza kama nataka ya jua au ya kivuli. Nikasema ya kivuli. Akanivutia chungu kikubwa, majani yananing'inia mpaka chini, akasema, "Chukua hii, Mama. Ukiweka hii kwako, wageni watasahau hata kunywa chai." Lakini mkono wangu ulikuwa umeshaenda nyuma, kwenye mche mdogo uliosukumwa pembeni, wenye vichwa vilivyojikunja bado havijafunguka. Akacheka. "Kumbe unajua! Nani alikufundisha?" Nikainama kuuinua ule mche. Mtu mzima mimi, na miwani yangu usoni, nalia juu ya majani mbele ya watu. Nikasingizia vumbi.

Ni mama aliyenifundisha. Mwalimu wetu wa sayansi alisema mimea ile kwa Kiswahili inaitwa kangaga, lakini mtaani kwetu sikumsikia mtu mwingine akilitumia neno hilo. Sisi tuliita maua tu, kama tunavyoita kila kitu kinachopandwa bila kuliwa. Na haya hayakuwahi kuchanua hata siku moja. Wanawake waliokuja kushonewa nguo walimtania mama kwa jina walilompa, yaani Mama Mtoto: "Mama Nyathi, maua yako yatatoa maua lini?" Naye, huku mguu ukikanyaga cherehani, alijibu, "Yatatoa siku utakayonilipa." Wakacheka wote.

Tuliishi mtaa wa Kaloleni, katika mji huu huu wa kando ya ziwa, kwenye zile nyumba za kaunsili ya mji zilizojengwa kwa mistari, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Upande wetu wa veranda haukupigwa na jua isipokuwa asubuhi kidogo, na hapo ndipo mama alipopanga mikebe yake. Mikebe ya mafuta ya kupikia, mabeseni yaliyotoboka, hata sufuria iliyokatika mkono. Alitoboa matundu chini kwa msumari, akaweka vipande vya makaa, kisha udongo mweusi uliochanganywa na majani yaliyooza. Mimea yenyewe aliitoa kwao, huko juu Maseno, kwenye kisima cha maji baridi ambako iliota kati ya mawe. Nilienda naye. Aliniambia nisiuguse ule mkubwa mzuri. "Huo umeshazoea hapa. Ukiuhamisha utakufa kwa uchungu. Tafuta mdogo ambao bado unajikunja, halafu uchimbe na udongo wake." Tukaufunga ndani ya gunia bichi, nikaupakata njia nzima mpaka nyumbani, nguo zote matope.

Alikuwa na aina tatu. Ule wa majani marefu ya kuning'inia; ule mwembamba wenye vijiti vyeusi kama nywele, ambao ukiunyima maji siku mbili unakununia; na ule wa kisimani, mgumu, usiodai chochote. Maji ya mfereji hakuyatumia kwa sababu yalinuka dawa. Alikinga ya mvua chini ya bati, na mvua ikichelewa aliyaacha ya mfereji kwenye beseni mpaka kesho yake. Jioni, upepo wa ziwani ukianza na wale wadudu wadogo wa ziwani wakizonga taa, alipita na kikombe akinywesha mkebe mmoja mmoja, akizungumza nao. Ndiyo, alizungumza nao, na mimi niliona ni kawaida kabisa. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, katika mtaa ambao kila nyumba ilikuwa na watoto wa kutosha timu ya mpira, na najua vizuri mtu anavyoweza kuzungumza na chochote kilicho karibu.

Baba hakuwa mtu mbaya. Hilo nataka ulijue mapema. Alikuwa karani wa reli, hakunywa, hakumpigia mtu kelele, mshahara wake ulifika nyumbani. Ila alikuwa mtu wa redio. Akitoka kazini alikaa kwenye kiti chake, akainamisha kichwa upande wa spika, na saa ya matangazo ya vifo nyumba nzima ilipaswa kunyamaza, maana nani ajue, huenda aliyekufa ni wetu. Mama akianza kumweleza jambo, baba aliinua mkono. Ngoja kwanza. Matangazo yakiisha, aliuliza kwa upole kabisa, "Ulikuwa unasema?" Na mama alisema, "Sikuwa nasema kitu."

Mama aliondoka bila ugomvi wowote niliousikia. Mjomba alikuja na mkokoteni kuchukua cherehani, na cherehani ilipopita mlangoni majirani wote wakajua. Mimi sikuulizwa. Kwetu mtoto ni wa kwa baba yake, anabaki. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Nimechoka tu, nyathina." Yaani mwanangu; ndivyo alivyoniita daima. "Mwambie baba yako maua asiyape maji ya mfereji." Baba alikuwa kazini. Nilimpa ujumbe huo jioni, naye akauitikia kama mtu anayepokea amri ya mkubwa wake.

Sijui kama umewahi kuishi katika nyumba ambayo sauti moja imetolewa. Garimoshi lilipiga honi kule stesheni kama kawaida, msikitini waliadhini, ndege wale wa midomo mirefu walipita juu ya bati wakipiga kelele zao za asubuhi. Lakini cherehani haikulia. Baba alipika ugali mgumu wa kumuua mtu, kila siku akisonga wa watu watatu, tukala wawili kwa omena, dagaa wa ziwani, na kiporo kikamngoja asubuhi. Nililala mapema ili siku iishe.

Ila baba aliyatunza maua. Mwanzoni aliyazamisha kwa maji, mkebe mmoja ukaoza, akaufukia kimya kimya. Kisha akajifunza. Alitoka kazini, na kabla hajavua koti alipita na kikombe. Redio ilibaki imezimwa mpaka amalize. Kwetu mume haendi ukweni peke yake kumchukua mke; huenda na ndugu zake, wakakaa, akasemwa, akainamisha kichwa. Baba mkubwa alimwambia mara nyingi kwamba yuko tayari kumsindikiza. "Bado," baba alisema. Mimi nilielewa, ingawa hakuniambia. Alitaka mama akirudi akute hakuna kingine kilichokufa. Nami nikawa nahesabu majani mapya, nikijiambia kwamba kila linalofunguka linamvuta mama karibu. Hivyo ndivyo nilivyotaka mama arudi. Sikutaka kitu kingine duniani.

Baada ya mvua za masika, yalipokuwa yamestawi kuliko hata wakati wa mama, baba aligeuza jani na kukuta madoadoa. Mistari miwili ya nukta za kahawia, zimepangana upande wa chini. Akageuza jingine, na jingine. Yote. Aliyaosha kwa maji ya sabuni, jani moja moja, na kitambaa chake cha mfukoni. Hayakutoka. Ndipo akamwita mzee jirani, mstaafu aliyeheshimiwa mtaani kwa kilimo, ambaye nyuma ya nyumba yake alipanda mahindi hata palipokuwa pa kupita watu. Mzee alivaa miwani, akasugua jani, akatuonyesha unga wa kahawia kwenye kidole.

"Yawa, Karani! Hii ni kutu. Hii ndiyo ilinimalizia mahindi yote kule nyumbani."

"Hata kwa maua?"

"Ugonjwa hauchagui. Kata yote, choma. Mizizi ikiwa mizima yatarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Watu wa mahindi sisi. Jani lenye madoa ya kahawia lina maana moja tu, na dawa yake ni moto. Jumamosi baba alichukua mkasi ambao mama aliusahau kwenye droo, akakata mkebe mmoja baada ya mwingine mpaka ardhini. Hata ule wa nywele. Tukachoma nyuma ya jikoni, moshi mzito wa majani mabichi, na baba akajifuta macho, akasema ni moshi. Sikumwamini.

Kesho yake, Jumapili, baba alikwenda kwenye mkutano wa ukoo. Mimi nilibaki nikichochea nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, yasiyokubali kuiva. Nikasikia mtu verandani. Nilipotoka nilimkuta mama, amevaa gauni lake la kijani, mkoba begani. Alikuwa hanitazami. Alikuwa anatazama mikebe, safu nzima ya visiki.

"Nani amekata?"

"Baba. Yalikuwa na ugonjwa, Mama. Kutu. Ilikuwa chini ya majani, nukta nukta."

"Ugonjwa?" Akacheka, na kicheko chenyewe kilinitia baridi. "Zile ni mbegu zake. Ndivyo yanavyozaa. Na baba yako anajua. Nilimwonyesha mimi mwenyewe, pale pale kwenye kiti chake."

Nilimweleza yote kwa mpigo mmoja, sabuni, kitambaa cha mfukoni, mzee jirani, moshi. Nadhani nilikuwa ninapiga kelele. Alinivuta kifuani, akanishikilia muda mrefu, akaniachia mkate aliouleta, akaniambia nirudi jikoni nyoyo isiungue. Hakuketi. Hakunywa hata maji. Nilimtazama akipita kati ya nyumba mpaka kwenye kona, na hakugeuka.

Baba aliporudi nilimwambia. Alisimama akiwa na kofia mkononi. "Mbegu," alisema. Kisha tena, polepole, "Mbegu." Halafu akasema, "Angeniuliza."

"Na wewe ungesikiliza," nikamjibu.

Nilingoja kofi. Katika miaka ile mtoto hakumjibu mzazi hivyo akabaki na meno yake. Baba alitikisa kichwa kukubali, akakaa, na redio hakuiwasha.

Mzee jirani alikuwa sahihi kwa jambo moja: mizizi ilikuwa mizima. Vichwa vya kijani vilichomoza, vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, vikafunguka mdogo mdogo. Baba alichagua mkebe mmoja, wenye majani mapya manne, akaungoja mpaka nukta za kahawia zikatokea chini yake. Akaridhika. Kisha akamwita baba mkubwa, wakavaa makoti, wakapanda basi kwenda Maseno na mkebe ule umefunikwa gazeti. Mimi niliachwa kwa mzee jirani, ambaye sikumwamkia, wala sikula chakula cha mkewe. Nilikaa mlangoni kutwa. Nilikuwa nimefagia nyumba mara mbili na kutandika kitanda kwa shuka la harusi.

Walirudi wawili. Mkebe haukuwapo. Mama alikuwa ameondoka kwao zamani kidogo, amekwenda Nairobi kwa dada yake, amepata kazi ya kushona sare za shule. Bibi, mama yake mama, aliupokea mkebe kwa mikono miwili, baba alisema, na akawachinjia kuku. Kisha baba alikwenda verandani akainywesha mikebe iliyobaki.

Nilikuwa nikienda kwa mama likizo za Desemba, na tulipendana kwa namna ya watu wanaokutana kwa ratiba. Hatukuyataja maua. Baba hakuoa tena, jambo ambalo ukoo haukumsamehe. Alipostaafu aliihamishia mikebe kijijini kwao, karibu na ziwa, mahali pa jua kali na upepo mkavu, akaijengea kibanda cha mafunjo. Ikafa mmoja mmoja hata hivyo. Naye akafuata, miaka ya tisini ikiisha. Wiki zake za mwisho aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Sikupaswa kukata. Ningesubiri siku moja tu." Nilimshika mkono. Hata mimi niliamini hivyo.

Basi juzi, mche wangu mpya ukiwa mezani, nilimpigia mama simu. Ni mzee sasa, anaishi peke yake Nairobi, anasikia vizuri kuliko mimi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilimweleza taratibu, kama mtu mzima: baba hakujua, Mama. Hakukata kwa hasira. Alidhani ni kutu. Alikuletea mkebe.

Nikamsikia akivuta kiti, akiketi.

"Nilijua," akasema. "Siku ile nilipomwonyesha alikuwa anasikiliza vifo. Nilijua hakunisikia. Na wewe uliponieleza, nilikuamini, nyathina, kila neno."

"Sasa kwa nini?"

"Nauli ya Nairobi ilikuwa kwenye mkoba. Nilikuja kukuaga wewe. Njia nzima sikujua nitakuambia nini, mtoto mdogo vile. Nikaona ile mikebe, nikashukuru. Nikapata la kusema badala ya kwaheri."

Sikumlaumu. Nilitamani, sikuweza. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula, tukaagana. Nikabaki nimekaa na giza likiingia. Hasira nilikuwa nayo, lakini wa kumkasirikia sikumpata. Mzee jirani nilimnunia mpaka akazikwa, maskini, kwa neno la kutu. Nyumba ile Kaloleni ina wapangaji wengine, veranda imezibwa kwa mabati. Na baba yangu, ambaye hatimaye alikuwa amejifunza kusikiliza, amelala kule ziwani akiamini kwamba alimpoteza mke wake kwa mkasi, kwa siku moja.