Saa ya Swaantje kwenye Simu

Mke wangu Gesche alizaliwa shamba la tatu kutoka hapa, na hakuwahi kuvuka mpaka wa kaunti hii. Mahindi, nguruwe, kanisa, chai mara tatu kwa siku. Ndiyo maisha yake. Ila watu wakimtaja, wanataja siku ya simu.

Waya wa simu ulikuwa mmoja kwa nyumba kumi na moja. Kila nyumba na mlio wake, ila kila mlio ulilia kwetu sote. Ukisikia mlio wa jirani, unainua simu polepole, unasikiliza. Hakuna aliyekiri. Wote tulifanya, Gesche kuliko wote.

Januari ile theluji ilifika madirishani. Binti yetu Trientje, miaka miwili, koo likambana. Akivuta pumzi anakoroma, midomo imegeuka bluu. Farasi wasingefika hata barabarani. Gesche akampigia daktari mjini.

"Daktari, mtoto hapumui!"

"Nani? Sikusikii, mama."

Sauti yake kama inatoka kisimani. Tulijua sababu. Kila anayeinua simu anapunguza nguvu ya waya, na siku ile waliinua wote.

"Wekeni simu chini!" Gesche akawapigia kelele majirani.

Hakuna aliyeweka. Kila mmoja alidhani anaambiwa mwenzake. Mimi nimempakata mtoto, siwezi hata kusali.

Gesche akafumba macho, akasikiliza.

"Swaantje, naisikia saa yako ya ukutani. Weka chini."

Simu yake ikalia kak, imewekwa.

"Mama Harms, na huyo ndege wako."

Kak.

"Tjark, unapumua kama nguruwe. Toka!"

"Nilikuwa najaribu tu kama simu inafanya kazi..."

"Toka, mjinga we! Mwanangu anakufa!"

Akawatoa wote, mmoja mmoja. Aliwajua kwa sababu miaka yote amewasikiliza. Sauti ya daktari ikasogea karibu: maji yachemke, mtoto afunikwe blanketi pamoja na mvuke, asiachwe. Tulitumia birika la chai. Ilipofika jioni akapumua vizuri.

Gesche amefariki Machi hii. Nilipiga mlio mrefu, ule wa kutangaza moto na kimbunga, wakainua wote. Nikawaambia. Walijibu, waya umelemewa, sikusikia neno.

Sasa naiogopa nyumba hii ikinyamaza. Mlio wa Swaantje ukilia, nainua. Siongei. Nasikiliza saa yake.

Juzi akakatiza maongezi yake.

"Shemeji, nakusikia unavyopumua."

Nikataka kuweka chini.

"Usiweke," akasema. "Baki hapo hapo."