Daktari alisema nile mboga, nikala kuku wiki nzima

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Lubumbashi. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Na chumvi yenyewe siku hizi napimiwa.

Mimi ni dereva wa lori, ruti yangu Lubumbashi–Sakania, mpakani na Zambia. Kiswahili chenu nimekiokota kwa madereva wa Tanzania kule mpakani, kwa hiyo nikiteleza msinicheke sana.

Basi, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilivimba. Mguu wa klachi huo! Shuka tu likikigusa, napiga yowe. Daktari akasema ni goutte, nyie mnaita gauti. Pombe basi, nyama basi, mwezi mzima.

"Kula mboga," akasema.

Patron, yaani bosi wangu, naye akanipa mwezi huohuo. Nikishindwa kukanyaga klachi, lori anapewa mwingine. Nyumbani nina mke, mama yangu mzazi na watoto watatu, na wote wanakula kupitia mguu huo.

Sasa wakuu, daktari yule si mtu wa huku. Sisi hapa mboga ni chochote kinachosindikiza bukari, yaani ugali. Kuku ni mboga. Samaki ni mboga. Nikatii kweli kweli! Wiki nzima nikala mboga ya kuku, mboga ya samaki, na siku moja mboga ya maini.

Mguu ukawa kama muhogo. Nikarudi kwa daktari, akaniuliza nimekula nini, nikajibu kifua mbele: "Mboga tu, dokta."

Mke wangu, Mama Gracia, alikuwa kando yangu. Akazitaja mboga zote, moja moja. Daktari akavua miwani, akajifuta uso.

Mama Gracia hana masihara. Tulipofika nyumbani akasimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi.

"Kuanzia leo, kintu yote yenye iko na macho haiingie mu hii nyumba. Na ni kwa bantu bote, hapana Papa peke." Papa ndiye mimi.

Ikaanza. Sombe ya karanga, nyie mnaita kisamvu. Maharage. Lengalenga, yaani mchicha. Biringanya. Lengalenga tena! Mwanangu wa kati akauliza kama tumegeuka sungura. Mimi nilinuna waziwazi, sifichi. Nilikuwa nalitazama tonge kama vile limenitukana.

Siku ya tano mama yangu akatoka chumbani kwake na kifurushi cha vinkubala, wale viwavi wa kukausha. Jamani, wale tunawapenda kuliko hata kuku. Akasema hiyo si nyama, inatoka ku muti.

"Mama, iko na macho," mke wangu akasema.

Mama akavaa miwani. Akachukua kimoja, akakipeleka dirishani penye mwanga, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Mimi namwomba Mungu kiwe kipofu.

"Mi sione macho."

"Ilikuwa nayo mbele ya kukauka, mama."

Mama akafunga kifurushi chake, akarudi nacho chumbani. Nikajua anaenda kujilia peke yake. Nikamwonea wivu mama yangu mzazi. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wiki ya tatu jirani alikuwa na sherehe, akatuletea sahani ya mbuzi wa kuchoma. Mama Gracia alikuwa sokoni. Nikaitazama sahani, watoto wakanitazama mimi. Mkono wangu ulishaanza safari.

Gracia, mtoto wangu wa kwanza, ana miaka tisa. Akaichukua ile sahani, akairudisha kwa jirani. Alilia kwenda, akalia kurudi. Mimi nikabaki na mkono wangu hewani, na siku ile lengalenga niliimaliza yote.

Mwezi ulipotimia nikaenda kwa patron. Nikapanda lori, nikakanyaga klachi mara tatu huku nimefumba macho. Hakuna maumivu! Funguo nikapewa palepale.

Njiani nikanunua nyama ya ng'ombe, nyumbani nikawaambia hii ni yenu, mimi nabaki na sombe yangu. Wakuu, walivyoivamia! Nilisikia meno tu.

Mama akamaliza, akalamba vidole, akanigeukia.

"Hii mwezi yote ulikuwa unanuna. Ulizania ni weye peke ulikuwa na njaa?"

Nilikosa pa kuweka uso. Nikasingizia pilipili imeniingia machoni.

Nilichojifunza: ukiona familia inakula majani kwa ajili ya mguu wako, angalau kunja uso kidogo tu.

Sasa kesho kutwa naondoka kwenda Sakania, na kule kila anayekukaribisha anakukaribisha kwa mbuzi. Wenye gauti mlio barabarani, nyie mnakula nini? Na nyie mnaotaka kucheka, chekeni, nimeshazoea.