Gato za Mioyo na Mawe ya Mtoni

Mkisikia mtu wa Pinga ananiita Mama Bombe, yaani Mama Bomu, msidhani niliwahi kushika silaha. Ni gato tu, yaani keki, gato ndogo zenye umbo la moyo, na hadi leo likitajwa jina hilo uso unaniwaka, lakini haya, kaeni niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wale wanaotia chumvi.

Wakati huo vita vilikuwa vimetutoa kwetu Kibabi, tukawa tunaishi Pinga, nami nilikuwa nimechumbiwa na Kambale, kijana wa wafanyabiashara wa Butembo waliokuwa na duka pale. Nilimpenda sana, ila mama yake hakuwa amenikubali (alisema wazi anataka mkamwana anayejua kazi, si wa kupaka mafuta tu). Basi siku moja Kambale akaniletea kutoka Goma chombo cha silikoni cha kuokea, chekundu, chenye vishimo vya mioyo, laini unakikunja kama soksi, akaniuliza kama najua kukitumia. Ningesema hapana, mambo yangeishia hapo. Nikasema, "Ah, gato? Kwetu nilikuwa napika kila siku!" Uongo mtupu. Akaenda mbio kumwambia mama yake, na mama akatuma salamu kwamba Jumapili baada ya misa anakuja kuonja.

Oveni sikuwa nayo, na nani angekuwa nayo? Tunaoka ndani ya sufuria kubwa: unapanga mawe chini, chombo juu yake, unafunika, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kibabi mawe tunayachukua mlimani, makavu. Mimi nikashuka mtoni nikaokota yale ya mviringo, yanayong'aa, nikayapanga bado yanadondosha maji (na nikajisifu kwamba ni safi!). Kunyanyua chombo kikajipinda, rojo lote la unga likamwagikia kitenge changu kipya, nikajaza upya huku nataka kulia. Mama Kambale akafika na viatu vyake vya misa, akaketi karibu na mwanawe, harufu ikawafikia, nikafunua sufuria, nikakitoa chombo kwa kitambaa, mioyo imeumuka vizuri kabisa, nikajiambia hapa nimeolewa. Sufuria nikaiacha palepale motoni.

Paa!

Miaka ile ya vita, mlio kama wa bunduki hakuna aliyeuliza umetoka wapi. "Bamefika! Tukimbiye!" mtu akapiga kelele, na mtaa mzima ukaingia porini. Mimi nilikiona kipande cha jiwe kikigonga ukuta, nilijua kabisa ni jiwe langu la mtoni limepasuliwa na maji na moto, lakini mdomo ulikataa kufunguka na miguu, kwa mazoea, ilikuwa imeshaanza.

Tukalala kwenye majani, akina mama wamewaziba watoto midomo. Mama Kambale alikuwa na kiatu kimoja, rozari mkononi, na nilipomtazama nilijichukia kweli. Nikawa natafuta pa kuanzia kukiri, mara Papa Bahati, jirani yetu aliyerudi kuchungulia, akaja anatembea wima katikati ya njia, nusu ya jiwe mkononi.

"Bombe njo hii," akasema. "Iko imepasuka mu sufuria ya Furaha."

Furaha ni mimi. Watu wote wakageuka. Wengine wakaanza kucheka, wengine kunitukana, na Kambale akatazama chini. Mama yake hakucheka, akaninyooshea kidole.

"Na ile unabeba mu kitenge, iko nini?"

Nikafungua. Kile chombo nilikuwa nimekimbia nacho, nacho kimekunjwa kama barua. Nikakikunjua, nikabonyeza kwa chini, moyo mmoja ukaruka mzima hadi kiganjani mwa Mama Kambale. Akaula polepole. Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amekumbatia pampu ya pikipiki.

"Kambale, ulikimbia na pompi, mama yako ukamuacha nyuma. Uyu alikimbia na chakula." Akaninyooshea mkono tena. "Leta ingine, mwanangu."

Mwanangu! Nililia palepale, na makamasi yangu yote mbele za watu.

Tulioana, ndiyo. Sijajisifu tena kwa mapishi nisiyoyajua, na nimeapa jiwe la mtoni halitaingia jikoni kwangu maadamu naishi. Lakini mama mkwe, kwa mapenzi yake yote, hadi leo akija kula kwangu anachagua kiti cha karibu na mlango, na viatu havui.